Joto la jike, joto la jua

Mchinjaji alikuwa amefikia kondoo wa pili alipotuita. "Mzee, hebu njoo uone hapa." Mjomba aliweka kikombe cha chai chini ya benchi alipokuwa akisubiri hela zake, akainuka, nami nikamfuata. Ndani ya mfuko wa uzazi uliopasuliwa, katikati ya maji maangavu, alilala mwanakondoo asiyezidi urefu wa kiganja changu, macho yamefumba, kwato nyeupe na laini kama kucha za mtoto mchanga. Wa tatu alikuwa vivyo hivyo. Hata yule wa kwanza, mchinjaji alipoenda kufukua kwenye ndoo ya matumbo, alikuwa naye. Wa nne pekee ndiye aliyekuwa mtupu.

Ilikuwa Machi, Voi, na majike hao wanne walikuwa wameteremshwa kutoka Sagalla asubuhi ile kwa jina moja tu: tasa. Dume alikaa nao tangu vuli ilipoanza kunyesha Novemba. Ukihesabu miezi mitano, walitakiwa kuzaa Aprili. Machi ilipofika hapakuwa na tumbo la kuonekana wala kiwele kilichoanza kujaa, na mjomba, ambaye hana subira na mnyama anayekula bure, akampigia simu mchinjaji. Njia nzima ya kurudi nyumbani, sote wawili nyuma ya bodaboda moja, hakutoa neno. Tuliposhuka ndipo aliponigeukia.

"Mpwa wangu, hawa walishika mimba lini?"

Mimba ya urefu wa kiganja ina miezi miwili na siku kadhaa. Kwa hiyo walishika mwishoni mwa Desemba, pengine Januari mwanzoni. Hesabu hiyo nilimpa palepale. Kilichonichukua miaka kadhaa kukielewa ni nusu ya pili ya swali, ambayo hakuiuliza: kwa nini si Novemba? Majike walipata joto Novemba, na dume aliwapanda mbele ya macho yetu, mmoja baada ya mwingine, kwa bidii iliyowachekesha watoto. Kazi ilifanyika. Mimba ndiyo haikuonekana.

Kwetu kondoo asiposhika mimba, anayepelekwa kwa mchinjaji ni jike. Sijawahi kusikia dume akiitwa tasa. Dume akipanda, basi amemaliza, na kinachofuata ni shauri la jike na Mungu wake. Mtindo huo wa kuhukumu haukuanzia zizini, lakini hayo ni makala ya siku nyingine.

Mjomba alikuwa ameshasikia redioni kwamba kondoo wana msimu wao wa kuzaana, akaridhika kwamba Novemba haikuwa msimu wao. Msimu huo wa redioni upo kweli, ila si wa hapa. Vitabu vingi vya ufugaji wa kondoo vimeandikwa Ulaya, Australia na New Zealand, na msimu unaosemwa humo ni msimu wa mwanga. Kule, siku zinapoanza kuwa fupi kuelekea majira ya baridi, jicho la kondoo hupeleka habari kwenye ubongo, tezi ndogo iitwayo pineali ikatoa homoni ya melatonini usiku kwa muda mrefu zaidi, na mwili ukaelewa kwamba wakati umefika: ukishika mimba sasa, utazaa majani yakichipua. Dume naye hubadilika. Mtafiti Gerald Lincoln wa Edinburgh aliwachukua madume wa Soay, kondoo wadogo wa kahawia wenye asili ya visiwa vya St Kilda, akawaweka ndani chini ya taa: wiki 16 za mwanga wa saa 16 kwa siku, kisha wiki 16 za mwanga wa saa 8. Kila mwanga ulipopunguzwa, korodani zilijaa, shingo zikanenepa, wakaanza kupigana. Ulipoongezwa, zikasinyaa, wakatulia kama maksai. Chakula walikuwa nacho wakati wote. Taa ndiyo iliyowaendesha.

Sasa mlete dume huyo Sagalla. Sisi hapa tunahesabu saa kwa jua. Likishachomoza tunaanza kuhesabu saa moja, saa mbili, na likitua tunaanza upya, wala hesabu haitupi shida Januari wala Julai. Saa ya Kiswahili ni saa ya watu wa karibu na ikweta. Mtu wa Edinburgh akijaribu kuitumia itamvunjikia mkononi, kwani Juni jua lake hukaa angani zaidi ya saa 17 na Desemba hukaa saa 7 tu. Voi iko nyuzi 3 na ushei kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote kwa mwaka mzima ni kama dakika 24, muda wa kumalizia chai na kutafuta viatu. Hakuna kondoo atakayepata habari yoyote ya maana kutoka humo. Ndiyo maana kondoo wa asili wa huku, yule mwekundu wa Kimaasai na yule mweupe mwenye kichwa cheusi aliyetoka upande wa Somalia, huzaa mwezi wowote.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoishia. Tukishaambiwa kondoo wetu hawana msimu, tunamwacha dume na majike mwaka mzima, na kalenda tunaiachia Mungu. Kumbe msimu upo. Kwetu dume huendeshwa na vitu viwili visivyo na taa: majani na jua kali.

Kiswahili kimetuwekea mtego mmoja mzuri hapa. Jike aliye tayari kwa dume tunasema "amepata joto". Neno hilohilo ndilo tunalolitumia kwa jua la Februari pale stendi ya Voi. Joto la kwanza ndilo linaloleta mwanakondoo. La pili humharibu kabla hajatungwa, na humharibia upande wa baba.

Mwili wa kondoo una joto la nyuzi kama 39. Mbegu za kiume hazitengenezeki vizuri katika joto hilo. Zinataka pungufu, nyuzi nne hadi sita chini yake, na ndiyo sababu korodani zikatolewa nje zikaning'inizwa. Mtazame dume alfajiri ya Julai, wakati umande bado uko kwenye miiba: mfuko umejikunja, umepanda juu karibu na kinena, ngozi yake ina makunyanzi. Mtazame huyohuyo saa saba mchana mwezi wa Machi. Mfuko umelegea, umeshuka unakaribia magoti ya nyuma, ngozi nyororo, na unatoka jasho. Ndani yake kuna ufundi ambao fundi wa majokofu angeuheshimu. Mshipa unaoleta damu ya moto kutoka mwilini hupita katikati ya wavu wa mishipa inayorudisha damu iliyopoa, hivyo damu inayoshuka hupozwa kabla haijafika. Mfumo huo hufanya kazi vizuri kama kuna kivuli, maji na upepo kidogo. Vikikosekana vyote vitatu siku kadhaa mfululizo, dume akahema mdomo wazi mchana kutwa, joto la korodani hupanda, na mbegu zilizo katikati ya kutengenezwa ndizo huharibika kwanza.

Halafu kuna suala la siku. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mfugaji wa Sagalla alijue hata kama atasahau mengine yote. Mbegu moja ya kondoo huchukua siku kama 49 kutengenezwa, wiki saba kamili. Ikishatoka hapo huingia kwenye mrija mwembamba uliojikunja pembeni ya korodani, ikakomaa humo karibu wiki mbili. Jumla ni miezi miwili. Dume unayemwona leo akimpanda jike anatumia mbegu alizoanza kuzitengeneza miezi miwili iliyopita, kwa chakula cha wakati ule na joto la wakati ule. Akipata homa leo, au akashinda juani bila maji wiki nzima, hutaona kitu kesho. Athari itaanza baada ya wiki mbili au tatu, na itamchukua wiki saba, nane, kurudi alivyokuwa. Muda wote huo ataendelea kupanda kama kawaida. Hamu yake haina habari na kilichomo mfukoni.

Basi rudi kwenye Novemba ya mjomba. Mbegu za Novemba zilitengenezwa Septemba na Oktoba.

Mtu ambaye hajaiona Sagalla ya Chini mwezi wa Oktoba ni vigumu kumweleza. Kilima chenyewe kimesimama kusini mwa mji wa Voi, mmoja wa milima mitatu ya Taita pamoja na Dawida na Kasigau, na juu kuna ukungu, migomba na watu wanaozungumza Kisagalla chao kwa fahari. Chini yake ni nyika: udongo mwekundu, miti ya migunga, barabara kuu ya Mombasa, reli ya zamani na ile mpya iliyofunguliwa 2017, na ng'ambo ya reli ni Tsavo. Dunia inaijua Sagalla kwa viumbe wawili. Mmoja ni tembo, ambaye watafiti wa Save the Elephants wakiongozwa na Dkt Lucy King walionyesha hapa kwamba anaweza kuzuiwa asivamie shamba kwa uzio wa mizinga ya nyuki. Mwingine ni kiumbe wa chini ya udongo asiye na miguu, jamaa ya chura ingawa ukimwona utadhani ni mnyoo mkubwa, ambaye hapatikani kwingine kokote duniani ila kwenye kilima hiki. Alitangazwa kwa jina la Boulengerula niedeni mwaka 2005. Kondoo wa Sagalla hajatangazwa na mtu.

Oktoba, nyika hiyo imekaa tangu Juni bila mvua ya maana. Nyasi zilizobaki ni vijiti. Tembo wametoka Tsavo kutafuta walichokosa kwao, kwa hiyo mchungaji hathubutu kwenda mbali wala kuchelewa, na kondoo hula palepale walipokula jana. Majani mabichi hayapo, na pamoja nayo imetoweka vitamini A ambayo mwili hujitengenezea kutoka kwenye chochote cha kijani. Ini huwa na akiba yake, lakini akiba hiyo huisha kiangazi kikirefuka, na vitamini hiyo ikipungua utengenezaji wa mbegu hupungua nao. Halafu mvua inanyesha. Nyasi zinachipua ndani ya wiki moja, majike wanashiba, wanapata joto wote kwa mkupuo kama waliopigiwa kengele. Mwili wa jike hujibu majani haraka. Wa dume unajibu pia, ila jibu lake hufika baada ya miezi miwili. Novemba alipanda kwa mbegu za njaa. Desemba ilipokuwa inaisha zikaanza kutoka mbegu za vuli, na jike ambaye hakushika hurudi kwenye joto kila baada ya siku 17, kwa hiyo wakashika. Machi wakachinjwa.

Nilipomweleza mjomba hivyo, alinyamaza kidogo kisha akauliza kama kuna sheria ya kumshtaki dume.

Nguvu ya chakula katika jambo hili si ya kukisia. Huko Australia Magharibi, Graeme Martin na wenzake wa chuo kikuu cha Perth wameonyesha kwa miaka mingi kwamba dume wa Merino akiongezewa nafaka ya lupini, jamii ya kunde, kwa wiki nane, korodani zake huongezeka ukubwa kwa kiasi kinachopimika kwa utepe wa kawaida, na mbegu huongezeka pamoja nazo. Sisi hatuna lupini. Tuna mabua ya kunde na pojo ambayo baada ya mavuno huachwa shambani yakaliwa na mchwa, tuna majani ya mbaazi, na tuna matunda ya mgunga yanayodondoka yenyewe wakati wa kiangazi, yenye protini, bure, yakikanyagwa na pikipiki. Dume mmoja hali mengi. Magunia kadhaa yaliyowekwa Juni chini ya paa yangempeleka hadi vuli.

Sipendi makala yanayomwambia mfugaji maskini "lisha vizuri" kana kwamba alikuwa ameficha chakula. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika sehemu kubwa ya nyika za Kenya, na wakati ule hakuna aliyekuwa na nafasi ya kufikiria mbegu za dume. Watu walikuwa wanahesabu mizoga. Ukame si mgeni huku. Mmisionari J. A. Wray alifika kuishi Sagalla mwaka 1883, na mwaka uliofuata alikuwa katikati ya njaa pamoja na wenyeji wake. Ninachosema ni kidogo kuliko "lisha vizuri". Ninasema kama una debe moja la chakula cha akiba mwezi wa Septemba, usiligawe kwa kondoo 20 wasishibe wote. Mpe dume.

Kipindi cha pili kibaya ni Februari na Machi, na hapo kosa ni la jua zaidi kuliko njaa. Hiyo ndiyo miezi ya moto kuliko yote Voi, mchana ukifika nyuzi 33 na kupita, upepo wa kaskazi umechoka na masika hayajafika. Dume aliyechomwa Machi hufika Aprili na Mei akiwa na mbegu dhaifu, wakati nyasi ziko magotini na kila mtu anadhani mambo ni mazuri.

Kinachobaki ni Juni na Julai. Jua limepoa, mchana hauzidi sana nyuzi 28, na dume ametoka kula masika yote ya Aprili na Mei. Mbegu za Juni mwishoni ni mbegu za majani. Na hesabu ya upande wa pili inakubali: kondoo hubeba mimba kwa siku kama 150, kwa hiyo jike aliyeshika katikati ya Juni anazaa katikati ya Novemba, vuli ikiwa imeshaanza, nayo vuli kwa Voi ndiyo mvua ya kutumainiwa zaidi kuliko masika. Mama ana maziwa. Mwana anajifunza kula nyasi zikiwa laini. Anayezaliwa Aprili huonekana ana bahati vilevile, lakini kiangazi kinamkuta angali mdogo, Oktoba inamtafuna mifupa.

Wafanyabiashara watauliza habari za Idd. Ni swali la haki, kwa kuwa Mombasa iko kilomita 160 tu kutoka Voi na Idd kubwa ndiyo siku ambayo dume mmoja mnene anaweza kulipa karo ya muhula. Lakini Idd haikai mahali pamoja. Hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na katika maisha ya mtu mmoja itapita kwenye vuli, kiangazi na masika yote. Anayejaribu kuzalisha kwa kuifukuza atajikuta mwaka mmoja anapandisha Juni na miaka michache baadaye anapandisha Machi. Afadhali mwanakondoo azaliwe Novemba kila mwaka, akue, na Idd imkute alipo: wa miezi saba au wa mwaka na nusu. Atapata mnunuzi.

Juu ya kabila la dume pana ubishi usiokwisha, nami nina upande. Dorper, aliyetengenezwa Afrika Kusini kwa kumchanganya kondoo wa Kiingereza wa Dorset Horn na yule wetu mwenye kichwa cheusi, ameenea Kenya tangu miaka ya 1970 na kila kijana anayeanza kufuga anamtaka. Ni mpana, mzito, na picha yake inapendeza kwenye simu. Anastahimili ukavu kwa kiasi chake. Lakini mwili mkubwa unataka majani mengi, na katika Oktoba ya Sagalla ya Chini ndiye wa kwanza kukonda. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, iliwaweka Dorper na wekundu wa Kimaasai pamoja huko Diani, pwani ya kusini, wakafuatilia vizazi vya kuanzia 1991 hadi 1996. Wekundu waliwashinda vibaya wageni wao katika kuhimili minyoo na katika kuishi. Diani ina unyevu, Sagalla ya Chini ni kavu, kwa hiyo siwezi kuhamisha hesabu ile ikakaa hapa sawasawa. Hata hivyo ningekuwa na hela za dume mmoja ningenunua mwekundu, mwenye mkia wa mafuta wa kumvusha kiangazi, na ningevumilia kuchekwa.

Tena kuna mbung'o. Vichaka vya Tsavo vinao, na ugonjwa wa ndorobo wanaoueneza hauishii kwenye damu na homa. Huingia korodani zikaharibika polepole. Dume aliyewahi kuugua sana asirudishwe kazini kwa kuangaliwa usoni. Aangaliwe kule nyuma.

Kumkagua ni kazi ya dakika tano, na sielewi kwa nini tunaona haya. Unamkalisha dume kitako kama mtu, mgongo wake kwenye magoti yako, au unamshika akiwa amesimama ukapeleka mikono kwa nyuma. Unazisukuma korodani zote mbili chini ya mfuko kwa kiganja kimoja. Ziwe sawa kwa ukubwa. Ukizibonyeza ziwe kama embe lililoanza kuiva: gumu kidogo, lakini linarudisha kidole. Zikiwa laini kama embe la siku ya nne, huyo hana kitu kwa sasa. Zikiwa na vinundu vigumu, mwite daktari wa mifugo. Chini kabisa, mwishoni mwa kila moja, utagusa kinundu. Hicho ni ghala la mbegu, kinatakiwa kiwepo na kiwe kimejaa. Kisha zungusha futi ya fundi cherehani pale palipo panene zaidi, uandike. Namba yenyewe hutofautiana kwa umri na kabila. Kinachokufaa ni namba ya dume huyohuyo mwezi wa Juni ukiilinganisha na ya Oktoba. Ya dume wa mjomba ilishuka sentimita nne. Alipima mara tatu akidhani futi imevutika.

Na Sagalla ina kitu ambacho wafugaji wa nyika tambarare hawana, ambacho ni Sagalla yenyewe. Voi iko mita kama 600 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha kilima kinakaribia 1,500. Kila mita 100 unazopanda hupunguza joto kwa kiasi cha nyuzi 0.6, kwa hiyo kati ya chini na juu kuna pungufu ya nyuzi tano na kitu. Ni nyuzi zilezile ambazo mfuko wa dume huhangaika mchana kutwa kuzitafuta. Wazee wa Taita walikuwa na desturi ya kutoweka mifugo yao yote mahali pamoja: wengine kwa rafiki wa bondeni, wengine kwa jamaa wa mlimani, ili ukame au ugonjwa usiwakute wote. Mlimani leo ni mashamba, hapana malisho ya kundi. Lakini tunazungumza habari za dume mmoja. Dume mmoja anatosha majike 30, na anahitaji kibanda, majani ya kukatiwa, maji, na dawa ya minyoo kwa sababu ya unyevu wa kule. Apelekwe juu Januari, ashushwe Aprili nyasi zikiwa tayari.

Mjomba alifanya hivyo mwaka uliofuata baada ya maelezo yangu. Ndugu yake anakaa juu, akakubali kwa sharti la kupewa mwanakondoo mmoja wa Novemba. Dume alipanda kilima kwa pikipiki, miguu imefungwa, kichwa nje ya gunia, akilalamika kila kona. Aliposhuka Aprili akafungwa kipande cha turubai chini ya tumbo, kikaning'inia mbele kama aproni ya mpishi, mtindo wa siku nyingi wa wafugaji wa Kimaasai, akakaa na majike mwezi mzima wa Mei akipanda na asifanikiwe. Majirani walikuja kumtazama kama senema.

Tarehe mosi Juni aproni ikavuliwa. Ili tujue nani kapandwa lini tulitaka kumpaka dume rangi kifuani, ili kila anayempanda aachiwe alama mgongoni. Nilipendekeza udongo mwekundu na mafuta ya kupikia. Mjomba alinitazama kwa huruma. Udongo mwekundu, Sagalla, kwenye kondoo wekundu, katika vumbi linalogeuza hata tembo kuwa wekundu? Tukatumia masizi ya sufuria yaliyokorogwa na mafuta. Baada ya siku 17 tukamwosha, tukabadili rangi, manjano ya jikoni safari hii, na mke wa mjomba akatukumbusha bei ya manjano kila tulipoingia kula. Jike mwenye masizi peke yake ameshika. Mwenye masizi na manjano amerudi kwenye joto, kwa hiyo mara ya kwanza hakushika.

Wiki ya pili ya manjano mjomba alikuwa akikaa mlangoni mwa zizi jioni, akihesabu migongo inapopita. Kati ya 19, mwenye rangi mbili alikuwa mmoja, jike mzee mwenye sikio lililopasuka. Mjomba alimfuata kwa macho hadi akaingia ndani kabisa, kisha akatoa simu mfukoni akaniuliza kama bado nina namba ya yule mchinjaji. Nilimwambia tumpe siku 17 nyingine.